Kinena kinachouma miezi na miezi: maswali ya wanamichezo kuhusu eksirei, ultrasaundi na MRI

Majibu haya ni ya mchezaji wa Nairobi anayeumwa na kinena, ya kocha wake, na ya mzazi anayelipia hospitali. Yanaeleza ni picha gani husaidia kati ya eksirei (ya mionzi), ultrasaundi (ya mawimbi ya sauti) na MRI (ya sumaku), wakati gani, na ripoti isomwe vipi. Hayachukui nafasi ya kupimwa kwa mikono. Picha inayopigwa kabla hakujawa na swali la kujibiwa hula pesa, na mara nyingine humpeleka mchezaji kwenye upasuaji ambao hakuuhitaji.

Nimecheza na maumivu haya tangu msimu uliopita. Tayari ni sugu?

Ndiyo. Wengi huyaita sugu yakipita miezi mitatu, lakini usingoje hesabu hiyo itimie. Kinena kinachorudi kuuma kila baada ya mechi kwa wiki sita kinatosha kukupeleka kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Kinena ni sehemu ndogo tu. Mbona ni vigumu kujua kinachouma?

Kwa sababu mengi hukutana hapo. Kano za misuli ya ndani ya paja hushika kwenye mfupa wa kinena. Misuli ya tumbo hushuka hadi mfupa huo huo, na nyuzi zake huungana na zile za paja. Katikati, mifupa ya kinena ya kulia na kushoto hukutana kwenye kiungo chenye gegedu. Juu kidogo kuna mfereji wa kinena, ambamo ngiri hutokea. Nayo nyonga, ingawa iko ndani zaidi, maumivu yake husikika mbele kwenye mkunjo wa paja, na mchezaji huapa kwamba ni msuli.

Kwa miaka mingi kila daktari aliyapa maumivu haya jina lake. Mwaka 2014 wataalamu kutoka nchi 14 walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyagawa hivi: ya misuli ya ndani ya paja, ya msuli unaokunja nyonga uitwao iliopsoasi, ya mfereji wa kinena, na ya mfupa wa kinena wenyewe. Kando yake wakaweka maumivu yanayotoka kwenye kiungo cha nyonga, kisha sababu nyingine zote. Kwa wanasoka, yale ya misuli ya ndani ya paja ndiyo huonekana zaidi, na mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Mgawanyo huo hutokana na mahali unapoumia ukibonyezwa na kitendo kinachoamsha maumivu. Picha haimo ndani yake, na wataalamu hao walifanya hivyo kwa makusudi.

Kwa nini daktari ananibonyezabonyeza badala ya kuniandikia MRI moja kwa moja?

Akikuambia ubane ngumi yake katikati ya magoti na ukasikia yale maumivu yako yenyewe, amejua jambo ambalo mashine haiwezi kumwambia. Mashine huona umbo na maji. Haioni maumivu.

Tatizo hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani ambamo watu 45 wasioumwa na nyonga hata kidogo walipigwa MRI. Labramu iliyochanika ilionekana katika asilimia 69 ya nyonga hizo. Labramu ni ukingo unaozunguka kikombe cha nyonga na kukifunga barabara, kama mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha. Kwa wanasoka wazima nako, si ajabu kukuta maji kwenye uboho wa mfupa wa kinena au kano iliyonenepa. Mwili unaokimbia, kugeuka ghafla na kupiga mashuti kila wiki huacha alama. Kwa hiyo alama ikionekana, swali ni kama iko upande ule ule na mahali pale pale alipogusa daktari ukaruka.

Picha ya kwanza iwe ipi?

Mara nyingi, eksirei ya fupanyonga, yaani mifupa ya kiunoni inayobeba nyonga zote mbili. Haina sifa kubwa mtaani, na wachezaji huiona kama picha ya watu waliovunjika, lakini ni ya bei nafuu, inapatikana hata katika hospitali ndogo, na inajibu maswali ambayo MRI hujibu kwa taabu zaidi. Inaonyesha kama kikombe cha nyonga hakina kina cha kutosha, kama nafasi ya gegedu imepungua, kama kichwa cha mfupa wa paja kina nundu pale kinapoungana na shingo yake.

Omba iwe ya fupanyonga nzima, ili pande zote mbili zilinganishwe, pamoja na picha moja ya pembeni ya nyonga inayouma. Picha ya mbele peke yake hukosa nundu nyingi. Nundu hiyo hupimwa kwa pembe iitwayo alfa, na wataalamu wengi huanza kuihesabu inapofika nyuzi 60. Kuwa nayo si kuwa na ugonjwa. Makubaliano ya Warwick, Uingereza, ya mwaka 2016 yanadai mambo matatu yawepo pamoja kabla ya kusema nyonga inajibana, yaani mifupa yake inagongana: mgonjwa awe na dalili, kipimo cha mikono kikubali, na picha ikubali. Wachezaji wengi wa kiwango cha juu wana nundu hiyo na hawajui.

Ultrasaundi inatosha?

Kwa baadhi ya maswali, ndiyo. Ubora wake ni kwamba unatazama mwili ukifanya kazi. Daktari hukuomba ukohoe, ukaze tumbo, hata usimame, huku akiangalia kama mafuta au utumbo unapenya kwenye mfereji wa kinena. Ukipimwa ngiri umelala kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho, uliza kwa upole kama unaweza kurudia ukiwa umesimama na kukaza tumbo. Ultrasaundi huona pia kano zilizo karibu na ngozi, na huongoza sindano ifike panapotakiwa. Haioni ndani ya mfupa, na labramu haioni yote. Matokeo yake pia hutegemea sana mkono na macho ya anayeishika.

Sentensi moja kwenye ripoti hizi huleta madhara mengi: kwamba ukuta wa nyuma wa mfereji umebinuka kidogo unapokaza tumbo. Hiyo si ngiri ya kweli, na huonekana pia kwa wachezaji wasio na maumivu. Ukiambiwa uende ukafanyiwe upasuaji kwa sababu ya sentensi hiyo peke yake, tafuta maoni ya pili kwanza.

MRI inaongeza nini, na niiombe vipi?

Kwa maumivu sugu ya kinena, hakuna picha inayosema mengi kama MRI. Huonyesha maji kwenye uboho, ufa mdogo ambao eksirei haikuuona, kano iliyochanika, kiungo cha kinena kilichochokozwa, na hali ya kichwa cha mfupa wa paja. Haina mionzi.

Jambo linaloharibu kazi ni fomu. Daktari akiandika tu kwamba anataka MRI ya nyonga, utapigwa picha nzuri za kiungo cha nyonga, na mfupa wa kinena utabaki pembeni ya picha. MRI ya kinena cha mwanamichezo huanza na picha za fupanyonga nzima zinazong'arisha maji, halafu hufuata picha za karibu za mfupa wa kinena, zilizokatwa kwa mshazari kufuata mwelekeo wa mfupa huo ili mahali misuli ya tumbo na ya paja inapokutana paonekane. Fomu itaje mchezo wako, upande unaouma, mahali panapouma pakibonyezwa, umeumwa kwa muda gani na daktari anashuku nini. Kama imeandikwa maneno mawili tu, mrudishie umwombe aongeze. Mtaalamu wa radiolojia aliyepewa swali husoma picha tofauti na aliyepewa jina la kiungo tu.

Kuhusu nguvu ya sumaku ya mashine, ambayo hupimwa kwa tesla, tesla 1.5 hutosha kwa maswali mengi ya kinena. Tesla 3 huonyesha labramu na gegedu kwa uwazi zaidi. Dawa ya rangi kwenye mshipa haihitajiki kwa kawaida, isipokuwa kunashukiwa maambukizi au uvimbe. Kuna pia MRI ambayo rangi hudungwa ndani ya kiungo chenyewe; hiyo hufaa zaidi pale upasuaji wa labramu unapojadiliwa.

Ripoti yangu imeandikwa "edema ya uboho" na "ufa wa maji kando ya kiungo cha kinena". Mpira umeisha?

Hapana. Edema ya uboho ni maji ndani ya mfupa: mfupa umebebeshwa zaidi ya uwezo wake wa kujirekebisha. Mstari wa maji unaotoka kwenye kiungo cha kinena kuelekea upande mmoja humaanisha mara nyingi kwamba mshikio wa misuli ya ndani ya paja umechanika kidogo pale kwenye mfupa. Mstari huo ukiwa upande unaouma, una uzito. Ukiwa upande wa pili, mtaalamu wako aeleze kwa nini anaujali.

Na tiba ya mengi kati ya haya ni mazoezi ya nguvu yanayopangwa na kupandishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa Denmark uliochukua wanamichezo 68 wenye maumivu ya muda mrefu ya misuli ya ndani ya paja. Nusu walipewa mazoezi ya kuimarisha paja na tumbo kwa wiki 8 hadi 12, nusu wakapewa masaji, leza, kunyooshwa na mashine ya umeme. Waliorudi kwenye michezo bila maumivu walikuwa 23 katika kundi la mazoezi na 4 katika kundi la pili. Naumia kila ninapoona kijana wa timu ya mtaa ametumia akiba yake yote kwa masaji na sindano, na hakuna aliyewahi kumfundisha zoezi moja la kubana mapaja.

Mimi si mwanasoka, nakimbia barabarani. Kuna tofauti?

Kubwa sana, na tafadhali soma jibu hili hadi mwisho.

Mkimbiaji wa masafa marefu anayeumwa ndani ya kinena, anayeanza kuumia baada ya kilomita chache kisha mapema zaidi kila wiki, na sasa anaumia hata akishuka ngazi za matatu, anaweza kuwa na ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ufa wa namna hii hutokana na mzigo unaorudiwa, hauna ajali ya kusimulia. Akisimama kwa mguu mmoja au kuruka kwa mguu huo, maumivu huja. Kwa wiki za mwanzo eksirei inaweza kuwa safi kabisa. Eksirei safi isikutulize. Acha kukimbia siku hiyo hiyo, tembea kwa magongo kama kukanyaga kunauma, na upate MRI upesi. Hapa sisemi ujaribu mazoezi kwanza.

Sababu ya haraka hiyo ni hii. Ufa ukiwa upande wa chini wa shingo na ukiwa mdogo, mara nyingi hupona kwa magongo na mapumziko ya wiki kadhaa. Ukiwa upande wa juu, mfupa unavutwa kufunguka, na daktari wa mifupa huhitajika mara moja, kwa kuwa ukikatika na kuhama, damu inayolisha kichwa cha mfupa hukatizwa. Mtu wa miaka 24 anaweza kumaliza akiwa na nyonga bandia kwa sababu aliambiwa akande kwa maji moto.

Mifupa ya kinena nayo hupata ufa wa aina hii, hasa kwa wanawake wanaokimbia. Dada ambaye hedhi yake imekatika au imekuwa ya kurukaruka amwambie daktari kabla ya picha yoyote. Hiyo ni ishara kwamba chakula hakitoshi kazi anayofanya, na mfupa ndio hulipa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu mwaka 2014, na wanaume nao wamo. Wanaofanya mazoezi Karura au kupanda Ngong asubuhi bila kula, halafu wakaingia kazini na chai ya rangi peke yake, wajiangalie.

Mwanangu ana miaka 13, anachezea timu ya shule, na anachechemea.

Apigwe eksirei ya nyonga zote mbili, mbele na pembeni, leo au kesho. Katika umri wa miaka 10 hadi 16 kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka kwenye bamba la ukuaji, pale mfupa wa mtoto unaporefuka. Mtoto huweza kulalamika goti peke yake huku goti likiwa zima, na wengi hupigwa eksirei ya goti mara mbili kabla mtu hajafikiria nyonga. Asiendelee kukanyagia mguu huo hadi majibu yatoke.

Vijana wana jambo jingine pia: kano zao zina nguvu kuliko mahali zinaposhika mfupa, kwa hiyo shuti moja kali linaweza kung'oa kipande cha mfupa. Sehemu ya ukuaji kwenye mfupa wa kinena huchelewa kufunga hata baada ya miaka 20, na mchezaji wa miaka 18 anayeumwa pale asisomewe picha kama mtu mzima.

Nina sikoseli, yaani seli mundu. Nipime tofauti?

Ndiyo, na uitaje hata usipoulizwa. Seli mundu inaweza kuziba mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi sehemu yake ife. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na pombe nyingi huleta hali hiyo hiyo. Mwanzoni eksirei haionyeshi kitu. MRI huonyesha, na ipigwe nyonga zote mbili hata kama inauma moja.

Kenya bado tuna TB, nayo hukaa hata kwenye nyonga na fupanyonga. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usingizini: hayo hayaelezwi na mechi ya Jumapili, hata kama yalianza baada yake.

Naona aibu kusema, lakini korodani pia inauma.

Sema. Maumivu makali ya ghafla ya korodani ni dharura ya saa chache, kwa sababu inaweza kuwa imejisokota. Nenda hospitali usiku huo huo, bila kungoja miadi ya picha. Uvimbe mgumu usiouma kwenye korodani ya kijana upimwe kwa ultrasaundi wiki hiyo hiyo. Kwa mwanamke, maumivu yanayofuata mzunguko wa hedhi yanastahili daktari wa wanawake na ultrasaundi ya viungo vya ndani vya uzazi, hata kama kocha anasisitiza ni msuli.

Na siti skani?

Mara chache. Hii ni picha ya mionzi inayoonyesha mwili kipande kwa kipande; hutumika kupanga upasuaji wa nyonga au kutazama ufa wa mfupa ambao MRI imeacha utata. Eksirei ya fupanyonga hukupa takribani milisiveti 0.6 za mionzi. Siti skani ya eneo hilo huweza kuwa mara kumi ya hapo, wakati mionzi ya asili inayompata mtu kwa mwaka mzima ni wastani wa milisiveti 2.4 duniani. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme kabla ya picha yoyote ya mionzi.

Nivae nini kwenye MRI?

Usivae chuma chochote. Vua bangili, heleni na shanga za kiunoni kama zina waya, na usisahau simu au kadi mfukoni. Taja vyuma vilivyowekwa mwilini, kifaa cha moyo, au chembe za chuma machoni kama umewahi kufanya kazi ya kuchomelea. Mashine hupiga kelele sana na utalala kimya kama nusu saa.

Daktari anataka kunidunga ganzi ndani ya nyonga. Hiyo ni tiba?

Ni kipimo. Sindano huongozwa na ultrasaundi au eksirei hadi ndani ya kiungo, halafu unarudia kitendo kinachokuuma, kwa mfano kuchuchumaa au kugeuka. Maumivu yakipotea kwa saa chache, huenda chanzo kiko ndani ya nyonga. Yakibaki vile vile, chanzo kitafutwe kwingine. Iandike hali yako kila saa siku hiyo, kwa sababu kliniki ya wiki ijayo utakuwa umesahau. Usirudi uwanjani ukiwa na ganzi.

Nairobi napigwa wapi, na bima inalipa?

Mashine za MRI zipo katika hospitali za umma na za binafsi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Aga Khan zikiwemo, na katika vituo kadhaa vya picha mjini. Bei hutofautiana sana kwa picha ile ile, kwa hiyo piga simu tatu kabla ya kulipa moja. SHA, bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Uliza kama kituo kina mkataba nayo, kama michango yako imekamilika, na kama idhini inahitajika kabla ya picha. Kituo cha bei ya chini kinachokubali kupiga picha za karibu za mfupa wa kinena ni bora kuliko cha kifahari kinachokupa nyonga pekee.

Nirudie MRI kabla ya kurudi uwanjani?

Kwa maumivu ya misuli na mfupa wa kinena, kwa kawaida hapana. Maji kwenye uboho huweza kubaki kwa miezi baada ya mchezaji kupona. Kinachoamua ni kubana mapaja bila maumivu, nguvu zinazokaribia za upande mzima, kukimbia kwa kasi, kugeuka na kupiga mpira kwa siku kadhaa bila kinena kulipuka kesho yake. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa kinachokufa ni tofauti: hizo hufuatiliwa kwa picha, na daktari wa mifupa ndiye hupanga lini.

Nitunze nini baada ya kupigwa picha?

Omba picha zenyewe kwenye CD au kiungo cha intaneti, pamoja na ripoti. Ripoti peke yake haimsaidii daktari wa pili, ambaye anataka kuona kwa macho yake. Andika juu ya bahasha tarehe na upande uliokuwa ukiuma siku ile. Picha za miaka mitatu iliyopita ni mali, hasa eksirei: nundu iliyokuwapo tangu zamani, wakati kinena hakikuuma, huenda si mkosaji wa leo.